Gundi ya vigae chini ya nyumba ya Milimani

Aprili 2018, mvua zikiwa zimeshika kwelikweli, tuliitwa kwenye nyumba moja Milimani, Nakuru, upande ambao ardhi inaanza kupanda kuelekea Menengai. Nyumba imechimbwa ubavuni mwa mteremko, na chini yake kuna chumba cha mita za mraba 40 ambacho kuta zake mbili zimezikwa udongoni. Vigae vilikuwa vimeanza kuinuka, na ukivigonga kwa mpini wa nyundo vinalia kama debe tupu.

Mwenye nyumba akauliza kama siku mbili zingetosha kuving'oa na kusafisha sakafu. Mzee, fundi mkuu wetu, akamjibu, "Mama, vigae vitatoka leo. Gundi iliyobaki ndiyo itakayotuweka hapa hadi wiki ijayo."

Vigae vilitoka siku hiyohiyo. Tulitumia kango, yaani nyundo ya umeme ya kubomolea, ya wati 1,500 yenye tindo pana ya milimita 75, tukiilaza hadi ikaribie pembe ya digrii 30 na sakafu. Anayeishika wima huchimba mashimo ya sentimita nzima kwenye zege, na kila shimo ni simenti ya kuziba baadaye. Nusu ya vigae viliachia vyenyewe. Nilikigeuza kimoja: mgongoni palikuwa na madonge matano ya gundi, manne pembeni na moja katikati, yamebanwa kama maandazi, na kwingine kote hewa tupu. Anayepaka hivyo huokoa muda wa kuchana gundi kwa mwiko wa meno, lakini kigae kinakosa pa kulalia, na unyevu ukipanda unajikusanya kwenye hizo nafasi. Madonge yalibaki sakafuni yakiwa na unene wa hadi milimita 12, mahali ambapo gundi iliyopakwa vizuri isingezidi 4 au 5.

Madonge hayo yalitoka kwa kango ileile, ila kwanza tuliyalowesha kwa pampu ya mgongoni, ile ya kunyunyizia dawa shambani. Maji hayalainishi gundi ya simenti. Kazi yake ni kushika vumbi, na vumbi la gundi na zege lina silika, madini yaliyomo kwenye mchanga. Chembe zinazoharibu mapafu hazionekani kwa macho, na kitambaa mdomoni hakizizuii. Kila mmoja wetu alivaa barakoa ya mpira yenye filta za P3, daraja la juu la kuzuia vumbi, hata kijana aliyekuwa akibeba magunia ya vifusi tu. Magunia nayo tuliyajaza nusu, kilo 25 hivi, maana ngazi ya chumba cha chini ni nyembamba na mgongo ni mmoja. Yalifika zaidi ya 40.

Siku ya pili stima ikapotea. Jenereta yetu iliandikwa kilowati 2.5, lakini Nakuru iko juu ya mita 1,800, hewa ni nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya tano ya nguvu zake. Ilitosha kango peke yake. Grinda, mashine ya kusagia gundi iliyobaki, ya wati 1,400 pamoja na kifyonza vumbi cha 1,200 isingeviweza. Jenereta ilikaa nje, mbali na mlango, kwa sababu moshi wake ukiingia chumba cha chini unaua mtu bila kumwonya.

Siku ya tatu stima ikarudi, tukaanza grinda: ya inchi 5, yenye diski ya bakuli ya almasi, kifuniko chake kikiwa kimeungwa kwa bomba kwenye kifyonza. Unaizungusha taratibu bila kuikandamiza, kwa mita mbili za mraba kwa saa, huku filta ikikung'utwa kila baada ya dakika chache. Tulipofika kona ya nyuma, sauti ilibadilika. Badala ya kukwaruza, diski ikaanza kuteleza, na harufu ya lami ikapanda. Mzee alichomoa waya ukutani bila kusema neno. Alipoigeuza diski, meno ya almasi yalikuwa yamefunikwa na kitu cheusi kinachong'aa, bado laini kwa joto.

Chini ya gundi ya simenti palikuwa na gundi nyeusi ya zamani, na kando ya ukuta kipande cha kigae cha plastiki cha inchi 9 kwa 9. Vigae vya namna hiyo na gundi yake mara nyingi vilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini zinazoleta saratani zikivutwa mapafuni, na huwezi kujua kwa kutazama. Hapo hakuna kusaga, kukwangua kukavu wala kufagia. Tulilowesha kona ile yote, mita sita za mraba, tukaifunika kwa nailoni nzito, tukabandika kingo, kisha Mzee akamweleza Mama waziwazi. Wakati huo kanuni za taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto kwenye taka hatari, na aliyeisafirisha alitakiwa kuwa na leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Mama alisikitika kwa gharama, lakini hakubisha.

Jirani alikuwa amemshauri amwage asidi. Mzee alikataa katakata: asidi inakula zege kabla ya kumaliza gundi, inaacha chumvi inayozuia gundi mpya kushika, na mvuke wake chumbani kama kile hauna pa kutokea.

Mahali tulipomaliza tulidondosha maji kwa vidole. Tone likinywewa na zege ikakolea rangi ndani ya dakika moja, vinyweleo viko wazi. Likikaa juu kama lulu, bado kuna gundi, rudi na grinda. Tulirudi sehemu tatu.

Mwisho, ili kupima unyevu unaopanda kutoka chini, tukabandika vipande vya nailoni vya nusu mita kwa nusu mita, kingo zote zikiwa zimefungwa kwa utepe, tukaviacha saa 24. Kimoja kilikuwa katikati ya chumba, kingine kando ya ukuta wa mlimani. Cha katikati kilitoka kikavu. Cha ukutani kilikuwa na matone chini yake, na zege imekolea weusi umbo la nailoni ile, pembe nne kamili. Mzee alimwita Mama, akamwonyesha, akamwomba asinunue hata boksi moja la vigae hadi mtaro wa nje wa upande ule uchimbwe.