Enoch Powell, Hola na Mzee wa Wolverhampton

Nilipokuwa mwanafunzi wa historia katika chuo kikuu mjini Birmingham, nilipanga chumba Wolverhampton, kwenye nyumba ya mzee mmoja wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mombasa, ambaye tangu alipojua kuwa nimekulia Mto Tana hakutaka tena kuzungumza nami Kiingereza. Jioni moja ya baridi kali alinikuta jikoni nikisoma nakala ya kumbukumbu za Bunge la Uingereza za Julai 1959. Alivaa miwani, akaliona jina la msemaji, akanikazia macho.

"Huyu wamtafutia nini, mwanangu?"

Swali lake lilikuwa na haki. Enoch Powell alikuwa mbunge wa mji ule ule kuanzia 1950 hadi 1974, na mwaka 1968 alikuwa mstari wa mbele kudai kwamba Waasia wa Kenya wafungiwe mlango. Mzee aliwahi kuingia Februari mwaka huo, lakini mdogo wake, aliyebaki Mombasa kumalizia mambo ya duka, alikutwa na sheria ya Machi iliyomtaka mwenye pasipoti ya Uingereza awe na mzazi au babu mzaliwa wa huko. Sheria hiyo, ni kweli, ilipitishwa na serikali ya chama cha Labour. Hata hivyo hotuba iliyobaki masikioni mwa watu ni ile ya kupinga uhamiaji aliyoitoa Powell Birmingham tarehe 20 Aprili, ambayo kwa ajili yake Edward Heath, kiongozi wa chama chake cha Conservative, alimwondoa mara moja katika nafasi ya waziri kivuli wa ulinzi.

Nilimwambia mzee kwamba mimi nilimfikia Powell kwa njia ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya kizuizini ya Hola, huko kwetu Mto Tana, askari waliwapiga wafungwa wa Mau Mau waliokataa kufanya kazi, wakafa 11, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Bunge lilipolijadili jambo hilo usiku wa manane mwezi Julai, Powell alisimama dhidi ya serikali ya chama chake mwenyewe, akisema kwamba Waingereza hawawezi kuwa na viwango vya Kiafrika barani Afrika, vya Kiasia barani Asia, na pengine vya Kiingereza nyumbani kwao. Nilimfasiria mzee kurasa zile polepole, naye akasikiliza bila kunikatiza.

Kisha nikaanza kumweleza nadharia yangu, kwa ule uhodari wa mwanafunzi aliyesoma juzi. Powell alikuwa profesa wa Kigiriki huko Sydney akiwa na umri wa miaka 25. Vita vilipoanza mwaka 1939 alirudi kwao, akajiandikisha kama askari wa kawaida katika kikosi cha Royal Warwickshire, na hadi 1944 alikuwa amefika cheo cha brigedia. Hakuwahi kupigana, kazi yake ilikuwa kuchambua habari za adui, kwanza Afrika Kaskazini, kisha India, ambako alijifunza Kiurdu. (Hapo mzee alicheka, kicheko kisicho na furaha.) Alipokufa mwaka 1998 alizikwa na sare yake ya brigedia. Kwa maoni yangu, nilisema, mtu huyo aliizungumzia Hola kama ofisa wa jeshi: aliyetoa amri abebe dhamana, wala lawama isiishie kwa mlinzi aliyeshika rungu. Hakuwa akiwapenda Waafrika. Alikuwa akiulinda utawala wa nchi yake usijivunjie heshima. Ndiyo maana, nikamalizia, hotuba zile mbili hazipingani, kwa kuwa katika zote mbili alikuwa akiifikiria Uingereza tu.

Mzee aliikunja ile nakala, akanirudishia.

"Kama alotawala ndiye abebaye dhamana," akasema, "basi pasipoti ya ndugu yangu alimpa nani?"

Nilijaribu kumjibu kwamba Powell hakuwahi kuuona uraia ule wa himaya kuwa uraia wa kweli. Mzee akanisikiliza tena kwa adabu ile ile, kisha akasema kwamba hilo ndugu yake angepaswa kuambiwa kabla hajauza duka.