Siku Zuhura ilipopotea

Data yenyewe niliiandika kwa mkono, mstari mmoja mmoja, ndani ya faili moja dogo. Sayari 8 na miezi 10 niliyoichagua mwenyewe: Mwezi wetu, Phobos na Deimos ya Mirihi, ile minne ya Mshtarii ambayo Galileo aliiona mwaka 1610, kisha Titan ya Zohali, Titania ya Uranus na Triton ya Neptune. Nilitaka kujifunza SPARQL, lugha ya kuiuliza maswali data ya namna hii, kwa jambo ambalo majibu yake nayajua tayari, ili yakitoka vingine nitambue.

Kila mstari ulikuwa sentensi ya vipande vitatu na nukta yake:

:Mirihi :inaMwezi :Phobos .

Kiima, kitenzi, yambwa. Nilikuwa nimezoea SQL, lugha ya kuuliza data iliyopangwa kwenye majedwali, na hapa hapakuwa na jedwali hata moja, ni sentensi tu zilizoshikana. Nililipenda jambo hilo tangu siku ya kwanza. Swali langu nalo lilikuwa na mistari miwili ndani ya mabano:

?sayari a :Sayari .
?sayari :inaMwezi ?mwezi .

Ikatoka mistari 10. Mshtarii mara nne, sawa. Mirihi mara mbili, sawa. Nikahesabu sayari zenyewe: sita. Utaridi haipo. Zuhura haipo. Nikafungua faili, nikazikuta zote mbili zimeandikwa vizuri, na nukta zake zipo. Nikazifuta, nikaziandika upya, nikauliza tena. Sita. Karibu saa nzima niliamini programu ni mbovu.

Mwenzangu kazini, aliyeitumia lugha hii kwa miaka, alisogeza kiti chake. Hakugusa kibodi.

“Dada, hebu nisomee swali lako kwa sauti. Nukta ya katikati isome ‘na’.”

Nikasoma: kuna kitu ambacho ni sayari, na kitu hicho kina mwezi.

“Zuhura ina mwezi?”

“Haina.”

“Sasa itatokaje?”

Nilikuwa nikidhani mstari wa kwanza unaleta sayari, kisha wa pili unazibandikia miezi pembeni. Kumbe mistari yote miwili ni umbo moja, na kisicholienea lote hakipiti. Nikauzungushia mstari wa pili OPTIONAL, yaani “si lazima”, na mabano yake, nikaendesha. Mistari 12. Zuhura ipo, na kando yake nafasi tupu. Ile nafasi tupu niliitazama kwa furaha kuliko majibu mengine yote.

Sikutaka kuondoka. Nikauliza kinyume: sayari zipi hazina mwezi? Mwongozo niliokuwa nao ulifuata toleo la kwanza, lile lililopitishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, Januari 2008, na njia yake ilikuwa ya kuzunguka: weka OPTIONAL, kisha chuja ubakize zile ambazo ?mwezi haikupata kitu. Mwenzangu akanionyesha FILTER NOT EXISTS, yaani “bakiza pale ambapo hakipo”, iliyokuja na toleo la 1.1 mwaka 2013. Hiyo inasomeka kama mtu anavyosema. Zikatoka mbili, Utaridi na Zuhura.

“Haya, mfute Triton,” akasema.

Nikaufuta mstari ule mmoja, nikauliza tena. Zikatoka tatu. Neptune imekaa pamoja na Zuhura, bila mwezi, wala hakuna onyo lolote.

Hapo nilishtuka kuliko mara ya kwanza. Hakuna mahali nilipoandika kwamba Neptune haina mwezi; nilikuwa tu sijaandika kwamba inao. Katika RDF, yaani mfumo huu wa kuandika data kwa sentensi za vipande vitatu, kisichoandikwa huhesabiwa kuwa hakijulikani, hakihesabiwi kuwa si kweli. Lakini NOT EXISTS hutazama data iliyowekewa mbele yake, na kwa hiyo tu ndiyo hujibu.

Nikaurudisha mstari wa Triton. Kisha nikafungua swali nililokuwa nimelihifadhi kwa jina la “sayari zisizo na mwezi”, nikalifuta jina hilo, nikaandika “sayari zisizoandikiwa mwezi humu”.