Mchoro Uliovuka Mpaka Bila Kutoka Kiwandani

Mteja wangu ana kiwanda kidogo hapa Marekani kinachochonga vipuri vya chuma. Hajawahi kuuza hata msumari nje ya nchi, kwa hiyo nilipomuuliza habari za leseni za usafirishaji alicheka. "Wakili, mzigo wangu haufiki hata bandarini!" Alikuwa ameniita nimpitie mkataba aliopewa na mkandarasi mkuu wa Wizara ya Ulinzi. (Mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike.)

Nikaomba mchoro wa kipuri chenyewe. Kwenye kona, kwa herufi za kuumiza macho, palikuwa na onyo: taarifa hizi za kiufundi zinabanwa na Sheria ya Udhibiti wa Usafirishaji wa Silaha, ile ya 1976. Nikauliza ni nani huwa anaufungua. Katika waliotajwa, mmoja alikuwa mhandisi aliyeko nchini kwa viza ya kazi ya H-1B.

Kwa kanuni za ITAR, zinazotekeleza sheria hiyo na kusimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje, kumpa mgeni wa aina hiyo taarifa za kiufundi za zana za kijeshi huhesabiwa kuwa umezisafirisha hadi kwao, hata kama mmekaa meza moja.

Sikukimbilia kuripoti. Onyo la kwenye mchoro ni kauli ya aliyeuchora tu, na wapo wanaoligonga kila karatasi ili walale usingizi. Nilitaka kwanza kujua kipuri kinaangukia wapi: kwenye orodha ya zana za kijeshi yenye makundi 21, au kwenye ile ya Wizara ya Biashara, ambayo kwa vitu vingi haibani sana. Mkandarasi mkuu akajibu kwa maandishi kwamba ni zana za kijeshi. Nilisoma kundi lenyewe neno kwa neno, nikaona yuko sahihi.

Siku hiyohiyo mhandisi alifungiwa folda yenye mchoro ule, na fundi wa kompyuta akatoa kumbukumbu za seva: nani alifungua faili gani, lini. Nilikataza mtu yeyote kufuta chochote. Tukapeleka taarifa ya awali Wizara ya Mambo ya Nje, na kuanzia hapo unapewa siku 60 kuleta maelezo kamili. Kujitaja mwenyewe hakukupi msamaha, ila hupunguza makali.

Chanzo cha kosa lenyewe kilikuwa cha kawaida kabisa. Fomu I-129 ya kumwombea mfanyakazi viza humtaka mwajiri athibitishe kama kuna leseni ya usafirishaji inayohitajika. Kiwanda kilijibu haihitajiki, na wakati ule ilikuwa kweli, maana walikuwa wakichonga vipuri vya mashine za kilimo. Mkataba wa ulinzi ulikuja baadaye, na hakuna aliyekumbuka kulirudia jibu lile.

Kilichonitoa jasho zaidi ni afisa rasilimali watu. Kwa hofu, alikuwa ameshaandaa tangazo la kazi: "Raia wa Marekani pekee." Nikamwambia, dada, hapo umekwepa sheria moja ukakanyaga nyingine, ile inayokataza kubagua waombaji kazi. ITAR haiwazuii wakaazi wa kudumu wenye kadi ya kijani, wala wakimbizi na waliokubaliwa hifadhi. Wizara ya Sheria imeshawatoza faini waajiri waliojificha nyuma ya kanuni hizo. Kibaya zaidi ni kuwahoji wale tu wenye majina ya kigeni. Tukaandika swali moja la kuulizwa kila atakayegusa michoro, awe nani, na majibu yake hayachanganywi na fomu I-9 ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi.

Mhandisi tulimwombea leseni, na wakati tukisubiri alifanya kazi za wateja wengine. Ilipotoka ilikuja na masharti, na kumbukumbu zake hazitupwi hadi ipite miaka 5 tangu imalizike. Alirudishiwa folda ya kipuri kile, hiyo tu.