Chora kwantaili kwanza, histogramu baadaye

Nikiona mtu kaweka histogramu (ile grafu ya vijiti inayohesabu vipimo vilivyoangukia kila kipande) alafu chini yake kaandika kwamba data yake inafuata mgawanyo wa kawaida, ule wenye umbo la kengele, mi huwa sikubali haraka, manake histogramu inategemea umekata vipimo vyako vipande vingapi, ukikata saba unaona umbo la kengele safi kabisa, ukikata kumi na tano kengele imepotea, na data ni ile ile. Alafu kwenye mikia, yaani ncha mbili za namba ndogo sana na kubwa sana, ambako ndo shida nyingi zinajificha, unabaki na vijiti vifupi viwili vitatu ambavyo havikwambii kitu. Grafu ya kwantaili (Q-Q) inalinganisha namba zako na zile ambazo mgawanyo unaoudhania ungezitoa, na kwantaili ni namba ambayo sehemu fulani ya mgawanyo iko chini yake. Haina habari ya kukata vipande, kila namba uliyopima inapata nukta yake.

Na sio ngumu, ningependa kila anayejifunza takwimu aichore kwa mkono angalau mara moja kabla ya kuiachia kompyuta. Chukua namba tano, tuseme dakika watu walizosubiri huduma: 6, 19, 1, 9, 3. Zipange kuanzia ndogo: 1, 3, 6, 9, 19. Sasa kila moja ipe sehemu yake kati ya 0 na 1: chukua nafasi yake kwenye foleni, toa nusu, gawanya kwa idadi yote, unapata 0.1, 0.3, 0.5, 0.7 na 0.9. Hiyo nusu tunaitoa kwa sababu bila hivyo ya mwisho ingekuwa 5 kwa 5 yaani 1, na kwantaili ya 1 kwenye mgawanyo wa kawaida haina mwisho, utaiweka wapi kwenye karatasi? (Kuna fomula nyingine za hizo nafasi, R, programu ya takwimu, yenyewe inabadilisha kidogo sampuli ikiwa 10 au pungufu, ila kwa macho tofauti ni ndogo sana.)

Hatua inayofuata ndo yenye utamu. Uliza mgawanyo wa kawaida wenye wastani 0 na mkengeuko sanifu (kipimo cha namba kutawanyika) 1: 0.1 yako iko wapi, yaani namba gani ina sehemu 0.1 chini yake? Unajibiwa -1.28, alafu -0.52, 0, 0.52, 1.28. Hizo zikae mhimili wa chini, data yako mhimili wa kusimama. Ukiunganisha nukta unaona mteremko unazidi kupanda, kipande cha kwanza ni kama 2.6, cha mwisho kinafika 13, yaani mstari umepinda kwenda juu kama bakuli, data ina mkia mrefu upande wa kulia. Sasa usibadilishe data, badilisha swali tu. Uliza mgawanyo wa eksponensha, unaotumika sana kwa muda wa kusubiri, ambao kwantaili zake unazipata kwa kutafuta logi asilia ya (1 - p), p ikiwa ile sehemu yako, na kugeuza alama: 0.11, 0.36, 0.69, 1.20, 2.30. Chora tena. Nukta zile zile zimenyooka karibu kabisa, na mteremko ni kama 8, ambao ndo makadirio ya wastani wa kusubiri! Namba tano hazithibitishi kitu, ila umeona jinsi inavyofanya kazi.

Kwa mgawanyo wa kawaida pia mstari unakupa zawadi hiyo hiyo, pale mstari unapofika juu ya sifuri ya mhimili wa chini ni wastani na mteremko ni mkengeuko sanifu, kwa hiyo huna haja ya kuvijua kabla, kunyooka hakutegemei hivyo viwili. Gama, mgawanyo mwingine, ni tofauti, pale lazima uchague kwanza kigezo cha umbo, yaani namba inayoamua umbo lake.

Kusoma maumbo ni mazoezi. Kushoto nukta zikizama chini ya mstari na kulia zikapaa juu yake, mikia ni mizito kuliko ulivyodhani. Zikifanya kinyume, mikia ni myepesi. Zikija kwa ngazi ngazi, mtu alikuwa anakadiria vipimo hadi namba nzima, hiyo sio tabia ya kitu kilichopimwa. Ila angalia mihimili kwanza, kuna programu zinaigeuza na kila nilichosema hapo kinageuka nayo.

Swali ninaloulizwa sana ni kupinda kiasi gani ndo kubaya. Watu wanataka p ya Shapiro-Wilk, jaribio la kupima kama data inafuata mgawanyo wa kawaida, iwaamulie, lakini jaribio hilo kwenye sampuli ndogo linapitisha karibu kila kitu, na kwenye sampuli ya maelfu linakataa kwa kasoro ambayo haiathiri chochote unachotaka kufanya. Mimi nafanya hivi: sampuli yangu ikiwa na namba 30, naiambia kompyuta izalishe sampuli kadhaa za namba 30 kutoka mgawanyo wa kawaida wenyewe, nazichora zote kwa amri za R, qqnorm (inaweka nukta) na qqline (inachora mstari), alafu naichanganya ya kwangu katikati. Utashangaa zile halali zinavyoyumba, hasa nukta mbili tatu za mwisho kila upande, manake huko ncha ndo kwenye bahati nasibu kubwa. Na kumbuka qqline inapitisha mstari kwenye robo ya kwanza na robo ya tatu ya data, hailazimishi ncha zikae, kwa hiyo katikati kukaa vizuri ni jambo la kutarajia. Mwite mwenzako ambaye hajaiona data, mwambie achague iliyo tofauti. Akishindwa kuiona ya kwako, endelea na kazi, akiidaka palepale, rudi kwenye mikia.