Swali la Unga

Mwaka 2015, muda mfupi baada ya kuhitimu shahada ya kwanza ya kemia, niliitwa Nairobi kwenye mahojiano ya nafasi ya utafiti wa vihisi vya kibiolojia, yaani vifaa vidogo ambamo kimeng'enya au kingamwili hunasa kitu kinachotafutwa, na kunasa huko kukasomeka kama mkondo wa umeme. Nilikuwa na sababu yangu. Mwaka 2004, nikiwa darasa la saba huko Makueni, mahindi yaliyowekwa ghalani kabla ya kukauka yaliota kuvu, na sumukuvu ikaua watu 125 kati ya 317 waliougua kwetu na katika wilaya za jirani. Nyumbani tulichambua mahindi kwa macho, tukitupa punje zilizobadilika rangi, ilhali punje yenye sumu inaweza kupendeza kama nyingine yoyote.

Mbele yangu waliketi mkemia, mhandisi wa elektroniki na mtaalamu wa mazao. Nilieleza jinsi Leland Clark na Champ Lyons walivyopendekeza mwaka 1962 kupima glukosi kwa kimeng'enya kilichowekwa juu ya elektrodi, yaani kipande kinachopitisha umeme, wazo lililozaa vipimo vya sukari ambavyo wagonjwa wa kisukari hutumia leo. Kisha nikaeleza kihisi nilichotaka kukitengeneza, ambacho, kwa kuwa molekuli ya sumukuvu ni ndogo mno, kingefanya kazi kwa ushindani: sumu ya kwenye sampuli ingegombea kingamwili na sumu nyingine iliyofungwa kwenye kimeng'enya kinachotoa mkondo, hivyo sumu ya sampuli ikizidi, mkondo unapungua.

Mtaalamu wa mazao, mama wa makamo aliyekuwa kimya hadi hapo, akaniuliza: "Mwanangu, mkondo ukishuka, utajuaje kama umeshushwa na sumu au na unga wenyewe?"

Sikuwa na jibu. Mafunzo yangu yote yalikuwa ya myeyusho safi, na unga una mafuta, protini na rangi zake, ambavyo vyote huweza kuufunika uso wa elektrodi. Nilikaa kimya kwa muda ulioonekana mrefu sana, kisha nikawakumbuka wauzaji wa nafaka sokoni kwetu, ambao mteja akiitilia shaka mizani huweka kwanza jiwe la kilo moja.

"Nitatafuta mahindi yaliyothibitishwa kuwa safi, mama," nikasema. "Nitayasaga na kuyachuja kama sampuli nyingine zote, niyatilie sumu ya kiasi ninachokijua, nione mkondo unashuka kiasi gani."

Mhandisi aliandika kitu. Yule mama akaanza kunieleza, kwa bidii ambayo sijaisahau, kwamba hata gunia lenyewe lina mtego wake, kwa kuwa punje chache tu zinaweza kubeba karibu sumu yote, na kwamba walikuwa wanamhitaji mtu wa kusimama kati ya maabara na ghala, kazi ambayo kwa maoni yangu bado ina nafasi nyingi kuliko watu.

Nilipata nafasi hiyo. Miezi miwili ya mwanzo sikugusa elektrodi hata moja, nilisaga mahindi.