Ndege wa Zambarau

Malengelenge yalianzia chini, penye nyasi tulizochora, yakapanda mtoni, yakamfikia ndege. Mchoro wetu kwenye ukuta wa kituo cha ushauri nasaha haukuwa umetimiza mwaka. Nilibonyeza lengelenge moja kwa kidole, likapasuka, maji yakanichuruzikia kiganjani.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimesoma kuhusu Philadelphia, Marekani, ambako mradi wa michoro ya ukutani ulioanza mwaka 1984 ulikuja kushirikiana na idara ya afya ya akili ya jiji. Wenzetu wale hutandaza kitambaa chepesi mezani, watu wakachora wamekaa, kisha vipande hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Kwetu, ambako mikono ya wengine ilitetemeka kwa sababu ya dawa na hakuna ambaye ningethubutu kumpandisha kwenye jukwaa la mafundi, niliona hiyo ndiyo njia. Na ile meza ilifanya kazi kubwa! Watu waliokaa benchi moja miezi mizima bila kusalimiana walianza kupokezana brashi. Mama mmoja aliyefiwa na binti yake alichora ndege wa zambarau kwa wiki tatu, manyoya moja moja, bila kusema neno.

Ukuta wenyewe sikuupima. Ningebandika kipande cha nailoni usiku kucha, asubuhi ningekuta matone ndani yake. Unyevu ulikuwa unapanda kutoka kwenye msingi, na akriliki ikikauka huwa kama ngozi ya plastiki: maji yakikosa pa kutokea huisukuma mpaka ibanduke.

Siku ya kukwangua, yule mama alitangulia kufika.

"Nisamehe, mama," nilimwambia. "Ndege hatapona."

Alinyoosha mkono, akachukua skrepa yangu. "Nitamtoa mwenyewe, mwanangu."

Alimtoa kwa subira ambayo mimi sina, akianzia mkiani. Alipomaliza alimkunja na kumtia mkobani. Sisi wengine tulikuwa tumenyamaza.

Fundi alibomoa lipu ya saruji sehemu yote ya chini, akapiga ya chokaa, ambayo huruhusu unyevu utoke. Safari hii tungechora kwa chokaa pia, moja kwa moja ukutani, na ndege angekaa chini ambapo mama angemfikia akiwa kitini. Ila chokaa ni kali. Ilibidi kila mtu avae glavu na miwani, na rangi nyingi za kung'aa haziistahimili. Zambarau yake ya kwanza ingekufa humo. Tulibaki na udongo mwekundu, udongo wa manjano, nyeusi, na buluu ya altramarini.

Niliogopa kumwambia. Yeye alivuta kiti, akachanganya nyekundu na buluu kidogo kidogo, akapaka doa kwenye kipande cha lipu kilichobaki. Lilikuwa zito, zuri.

"Subiri likauke, mama. Chokaa ikikauka hupauka."

Akasubiri. Nami nikakaa kando yake, na hapo ndipo aliponitajia jina la binti yake kwa mara ya kwanza. Doa lilififia taratibu mbele yetu, likawa rangi ya jioni.

Aliinamia kile kipande, akakitazama kwa karibu.

"Bado," alisema. "Nipe nyekundu."