Fahali wawili ndani ya kompyuta yangu

Kompyuta yangu ya nyumbani ilianza kusuasua baada ya mimi kufuata ushauri wa jamaa yangu mmoja anayejiita fundi, aliyesisitiza kwamba programu moja ya kuzuia virusi haitoshi. Nilisakinisha ya pili juu ya ile niliyokuwa nayo, nikalala kwa amani ya mtu aliyefunga mlango kwa makufuli mawili. Kulipokucha, kompyuta ilichukua karibu robo saa kuwaka, na kila faili niliyoigusa iliganda. Fahali wawili hawakai zizi moja: faili ikifunguliwa, programu zote mbili huikamata ili kuikagua, na ukaguzi wa hii huonekana kwa ile kuwa jambo la kushukiwa.

Niliiondoa ile mpya, lakini iliacha nyuma madraiva yake, yaani programu ndogo zinazofanya kazi ndani kabisa ya mfumo, na uzito ukabaki pale pale. Nikaamua kuurejesha mfumo katika hali yake ya wiki iliyotangulia, na bahati nzuri nilikuwa nimewasha mapema ulinzi wa mfumo, unaohifadhi hali za nyuma za kurudia, kwa maana katika Windows 10 mara nyingi huwa umezimwa tangu mwanzo.

Baada ya nusu saa hivi ya kusubiri, nilielezwa kwamba mfumo haukurejeshwa, kwamba kosa ni 0x80070005, na kwamba huenda programu ya kuzuia virusi ndiyo inayozuia. Namba hiyo humaanisha kunyimwa ruhusa ya kuifikia faili. Jamaa yangu akaniagiza niizime ile kinga yangu ya zamani, iliyokuwa imebaki, kwa kubofya alama yake iliyo kando ya saa. Niliizima, kosa likarudi. Niliizima tena, safari hii nikachomoa na waya wa intaneti kwa agizo lake, nikaikodolea skrini macho kana kwamba ingeona haya, na kosa likarudi vile vile. Sikujua kwamba alama ile husimamisha ukaguzi tu, ilhali madraiva ya programu, ambayo hupakiwa mfumo unapowaka, huendelea kuzilinda faili zake zisibadilishwe na yeyote, hata Windows yenyewe. Ushauri wake wa tatu ulikuwa nifute diski nzima. Nilimshukuru, nikakata simu.

Hila iliyonifaa niliipata kwa kujiuliza swali la mwizi: kwa nini nipambane na mlinzi aliye macho badala ya kupita kabla hajaamka? Nilishikilia kitufe cha Shift huku nikichagua kuwasha upya, ikatokea menyu ya buluu, nikaingia kwenye utatuzi wa matatizo, kisha chaguo za kina, na humo nikakuta urejeshaji ule ule wa mfumo. Tofauti ni kwamba hapo Windows iliyo kwenye diski haijawaka, na programu za kuzuia virusi zimelala pamoja nayo. Niliulizwa nywila ya akaunti yangu tu. Mwenye diski iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la diski la Windows, atadaiwa ufunguo wa tarakimu 48, kwa hiyo aunakili kwanza. Kazi ilikwama mahali pamoja kwa muda mrefu hata kidole changu kikafika kwenye kitufe cha kuzimia, nikakirudisha, na namshukuru Mungu kwa hilo, kwa sababu kuikatiza kazi hiyo katikati kunaweza kuuacha mfumo usiwake kabisa.

Mfumo ulirejea. Nyaraka na picha hazikuguswa, ila mabaki ya programu niliyosakinisha wiki ile yalitoweka. Ile kinga yangu ya zamani nayo iliamka ikiwa imevurugika, nusu mpya nusu ya zamani, nikaing'oa katika hali salama, ambapo Windows huwaka na vya lazima tu, kwa zana ya kuiondolea inayotolewa na watengenezaji wake. Nilipowasha upya, Microsoft Defender, kinga ya virusi inayokuja na Windows, ambayo hujiweka kando ikikuta kinga nyingine, ilishika zamu yenyewe. Nikamalizia na amri ya sfc /scannow, inayokagua faili za mfumo wa Windows, ikatengeneza faili chache zilizoharibika.

Jamaa yangu hadi leo anaamini kilichoiponya kompyuta ni kuchomoa ule waya wa intaneti.